Nyumba, Mlango na Kodi: Suala la Makaribisho katika Maandishi ya Waandishi Weusi wa Mapenzi ya Jinsia Moja

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya Wamarekani Weusi yanayohusu mapenzi ya jinsia moja umeegemea mno upande mmoja. Mhakiki huifungua riwaya akimtafuta mhusika mkuu: anajificha vipi, anajitambua lini, anajitangaza mbele ya nani. Safari ya nafsi ndiyo inayopewa uzito, na mahali ambapo safari hiyo inapitia huchukuliwa kuwa mandhari tu, kama pazia la jukwaani. Makala haya yanautilia shaka mkabala huo. Hatusemi kwamba ni wa uongo. Tunasema kwamba unaliacha nje swali ambalo waandishi wenyewe wanalirudia bila kuchoka: mtu huyu analala wapi, nyumba ni ya nani, na kodi inalipwa na nani?

Kitenzi chetu cha kukaribisha kinafaa kuangaliwa kabla ya kuendelea. Kukaribisha ni kumfanya mtu awe karibu. Ni kitenzi cha kusababisha, na kila kitenzi cha namna hiyo kinadai mtenda. Hapana mahali panapokaribisha penyewe. Yupo mtu aliyefagia, aliyepika, aliyesimama mlangoni, aliyelipa. Tunadai kwamba maandishi tunayoyajadili yanaujua ukweli huu kuliko wahakiki wake, na kwamba kufaulu au kushindwa kwa kila mahali pa makaribisho ndani ya maandishi hayo kunategemea jinsi mzigo wa kukaribisha ulivyogawanywa. Tutazingatia Infants of the Spring ya Wallace Thurman (1932), Giovanni's Room ya James Baldwin (1956), Zami ya Audre Lorde (1982), pamoja na mikusanyiko miwili ya waandishi wanaume Weusi, In the Life (1986) na Brother to Brother (1991). Mwishoni tutarejea Kenya, kwa kuwa andiko la Binyavanga Wainaina la mwaka 2014 linaingia katika mjadala huu huu kwa kupitia mlango wa mama, kama tutakavyoona.

Neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili hakijakosa maneno ya kuwataja watu hawa, ila maneno mengi yaliyopo hutamkwa kwa kejeli. Tutasema wapenzi wa jinsia moja pale ambapo hatuna budi kutumia jina la jumla, huku tukikiri kwamba msemo huu hauwatoshi wote wanaokusudiwa, hasa wale ambao suala lao si nani wanampenda bali ni jinsia gani wanayoiishi. Neno shoga tutalirejelea baadaye, kwa sababu lina historia inayostahili zaidi ya kutajwa kwa kupita.

Jumba la Thurman

Infants of the Spring husomwa kama tashtiti dhidi ya vuguvugu la fasihi la Harlem, na wasomaji hutumia muda mwingi wakikisia ni mwandishi gani wa kihistoria aliyefichwa nyuma ya mhusika gani. Ukisiaji huo una haki yake. Jumba lililomo riwayani lina asili halisi, nalo ni nyumba nambari 267 ya Mtaa wa 136 Magharibi mjini New York, ambamo Thurman aliishi pamoja na Richard Bruce Nugent na wasanii wengine. Lakini umbo la riwaya halitokani na watu hao. Linatokana na jumba lenyewe. Riwaya inaanza watu wakiwa ndani ya jumba na inakwisha jumba likiwa linavunjika. Kila kisa cha katikati ni kisa cha mpangaji.

Mwenye jumba ni Euphoria Blake, mwanamke Mweusi mfanyabiashara ambaye ana hamu ya kuwapa wasanii wa kabila lake mahali pa kufanyia kazi. Nia yake ni njema, na Thurman, ambaye hana huruma kwa watu wengi, haimkejeli sana. Hata hivyo jumba ni mali yake. Wapangaji wanaishi humo kwa hisani, na hisani ina muda wake. Wanapoishiwa kabisa wanaandaa tafrija ambayo kila mgeni anatakiwa kuja na chakula, na kwa usiku mmoja ghala linajaa. Tukio hili limezoea kutajwa kama kichekesho. Kwetu sisi ni kiini cha riwaya. Tafrija ile ni makaribisho yaliyopinduliwa: mwenyeji ndiye mwenye njaa, na mgeni ndiye anayelisha. Inafanana na tafrija za kodi zilizokuwa zikifanywa kote Harlem katika miaka ya 1920, ambapo mpangaji aliyelemewa alifungua mlango wake, akatoza kiingilio, watu wakacheza hadi alfajiri, na asubuhi mwenye nyumba akalipwa. Tofauti ni kwamba wapangaji wa mitaani walijua wanachokifanya, ilhali wasanii wa Thurman wanakula bila kufikiri juu ya mwezi ujao.

Kashfa inapomfika mmoja wa wapangaji, Euphoria anachoka. Anaamua kulifunga jumba la wasanii na kuligeuza bweni la wanawake wenye heshima zao. Hapa msomaji anapaswa kulitazama vizuri neno heshima, kwa kuwa ndilo lililokuwa likitishia tangu mwanzo. Mahali palipotolewa kwa hisani ya mtu mmoja pana sharti ambalo halikuandikwa popote, nalo ni kwamba wapokeaji wasimwaibishe mtoaji. Paul Arbian, mhusika ambaye mapenzi yake hayafuati mpaka wowote na ambaye wasomaji wengi wanamwona Nugent ndani yake, anajiua katika hodhi ya kuogea. Kurasa za riwaya yake alikuwa amezitandaza sakafuni ili zikutwe; maji yanafurika na kuzifuta. Ukurasa unaosalia ni ule wa kwanza, wenye mchoro wa jengo refu jeusi ambalo msingi wake unamomonyoka, nalo jengo limechorwa kwa mfano wa jumba lao.

Mtaa ule ule wa 136 ulikuwa na nyumba nyingine maarufu. A'Lelia Walker, binti na mrithi wa Madam C. J. Walker aliyetajirika kwa dawa za nywele, alifungua ukumbi katika nyumba yake mnamo 1927 akauita Dark Tower. Wapenzi wa jinsia moja walikuwa miongoni mwa marafiki zake wa karibu, naye hakuwaficha. Mashairi ya Langston Hughes na Countee Cullen yaliandikwa ukutani. Tatizo lilikuwa bei: ukumbi uliokusudiwa wasanii ulijaa watu wenye fedha, na wasanii wakabaki kusimulia walivyoshindwa kununua walichokikuta mezani. Walker alifariki mnamo 1931 na nyumba ikaja kubomolewa. Pale ilipokuwa pamesimama leo tawi la maktaba ya umma ya New York lenye jina la Countee Cullen, na huko, angalau, kuingia ni bure.

Chumba cha Baldwin

Baldwin anapandisha suala hili hadi kwenye upeo wa tanzia. Giovanni's Room haina mhusika Mweusi hata mmoja mwenye nafasi ya maana, na jambo hili limewasumbua wahakiki kwa miaka mingi. Mwandishi mwenyewe alikuja kueleza kwamba wakati ule hakuweza kubeba mizigo yote miwili, wa rangi na wa mapenzi, ndani ya kitabu kimoja. Wachapishaji wa riwaya yake ya kwanza waliikataa hii. Ilitolewa na Dial Press mnamo 1956.

Tukiacha swali la rangi kwa muda, tunakuta chumba. Ni chumba kidogo pembezoni mwa Paris, na Giovanni amevipaka vioo vya dirisha rangi nyeupe ili wapitao nje wasione ndani. Karatasi ya ukutani ina picha ya mwanamume na mwanamke wa zama za kale wakitembea pamoja kati ya mawaridi. Upande mmoja Giovanni ameichana, na amekuwa akibomoa matofali ukutani ili apanue nafasi, kazi ambayo haiishi. Tunaiona taswira hii kuwa sahihi kuliko maelezo yoyote ya kinadharia. Mtu amerithi chumba ambacho kuta zake zimepambwa kwa ndoa ya wengine, naye anajaribu kukifanya chake kwa mikono mitupu, usiku, baada ya kazi. David, mpenzi wake Mmarekani, ndiye msimulizi, na kwa hiyo chumba kinatufikia kwa macho ya mtu anayekiona kuwa kaburi. Wasomi wengi wamelikubali neno la David bila kulihoji. Lakini ni nani aliyemkaribisha mwenzake? Ni Giovanni. Ni nani aliyekuwa akivunja ukuta? Ni Giovanni. David alikuwa mgeni aliyelala katika chumba cha mtu huku moyoni akihesabu siku za kuondoka. Uchafu anaoulalamikia hakuuondoa, na pale anapojaribu kushika kazi za nyumbani anaona uanaume wake umepungua. Chumba kile hakikushindwa kwa kuwa kilikuwa cha siri. Kilishindwa kwa kuwa mmoja alijenga na mwingine akakataa kushika tofali.

Baldwin alirejea kwa watu Weusi wapendanao hivi katika Just Above My Head (1979), riwaya ndefu isiyosomwa vya kutosha katika vyuo vyetu, na alipofariki mnamo 1987 alikuwa hajaikamilisha tamthilia yake The Welcome Table, ambayo matukio yake yako katika nyumba inayofanana na ile aliyoishi kusini mwa Ufaransa. Hatuwezi kuijadili hapa kwa undani. Inatosha kusema kwamba mtu aliyeanza na chumba chenye vioo vilivyopakwa rangi alimalizia na meza.

Mlangoni: Lorde

Zami ni kitabu cha milango. Lorde anakiita kwa jina alilolibuni mwenyewe, akichanganya wasifu na visasili, lakini sehemu zinazohusu New York ya miaka ya 1950 zina umakini wa mtu aliyekuwa akihesabu senti. Wanawake wapendao wanawake walikuwa na baa zao katika mtaa wa Greenwich Village. Kwa mwanamke Mzungu, baa hizo zilikuwa kimbilio. Kwa Lorde, kimbilio lilianza na swali. Bawabu wa baa iliyoitwa Bagatelle alimtaka yeye kitambulisho cha umri, ingawa alikuwa mkubwa kuliko wenzake Wazungu aliofuatana nao, ambao walipita tu. Hakuna aliyesema kwamba Weusi hawatakiwi. Hakuna aliyehitaji kusema.

Tukio hili ni dogo, na udogo wake ndio uzito wake. Linaonyesha kwamba jamii iliyofukuzwa nyumbani inaweza kujenga nyumba nyingine na kumweka mlangoni bawabu yule yule. Lorde haliwekei kilio. Analitaja, kisha anaendelea kueleza jinsi wanawake Weusi wachache waliokuwamo walivyoogopa hata kutazamana, kwani kutazamana kungekuwa ni kukiri kwamba wanaona jambo ambalo wenzao Wazungu hawalioni. Kwa maoni yetu hapa ndipo kitabu kinapofikia kina ambacho waigaji wake hawajakifikia. Upweke wa mwanamke huyu hauko nje ya mahali pa makaribisho. Uko ndani, mezani, na gilasi mkononi.

Nyumba anazozijenga Lorde mwenyewe nazo hazisalimiki. Anaishi na mpenzi wake Muriel katika fleti ndogo. Yeye ana kazi, Muriel hana. Wanamkaribisha mwanamke wa tatu, Lynn, kwa imani kwamba wanawake wanaweza kuishi kwa utaratibu mpya usio na wivu. Lynn anaondoka na akiba yao. Mhakiki anayetafuta nadharia ya mapenzi huru atasikitika. Anayefuata hesabu ya kodi hatashangaa. Kinyume chake ni karamu ya wanawake Weusi katika eneo la Queens, ambako meza imejaa vyakula vilivyopangwa kwa ustadi na watu wanacheza muziki. Lorde anaieleza meza ile kwa urefu unaoweza kumchosha msomaji mwenye haraka. Asiiruke. Kila sahani imebebwa na mkono wa mtu.

Jina la kitabu linatufikisha kwetu. Zami, anatuambia Lorde, ni neno la kisiwa cha Carriacou, alikotoka mama yake, na huwataja wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma neno hili bila kulikumbuka neno shoga. Katika matumizi ya pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, mwenzi wa siri na wa shughuli. Mwanamke wa Mombasa au Lamu humwita mwenzake shoga yangu bila haya yoyote. Neno hilo hilo, likielekezwa kwa mwanamume, huwa tusi. Ni neno moja lenye milango miwili: mmoja umefunguliwa kwa wanawake walio marafiki, mwingine unafungwa usoni mwa mwanamume anayependa wanaume. Lorde alilichukua neno la kienyeji ambalo lingeweza kutumiwa kudhalilisha, akaliandika juu ya kitabu chake kama jina la ukoo. Wanaleksikografia wetu wameorodhesha maana mbili za shoga kwa nambari moja na mbili, wakanyamaza. Uhusiano wa maana hizo mbili bado unamsubiri mtafiti.

Meza ya jikoni na jina la mama

Zami yenyewe ilihitaji nyumba. Ilitolewa mara ya kwanza na Persephone Press, shirika dogo la wanawake huko Massachusetts ambalo lilifunga milango mnamo 1983. Vitabu vilivyokuwa chini yake vikabaki yatima. Wakati huo Barbara Smith na Lorde walikuwa wameshaanzisha, mnamo 1980, shirika lao waliloliita Kitchen Table, yaani meza ya jikoni, kwa hoja kwamba jikoni ndipo wanawake wa jamii zao wanapokutana, kufanya kazi na kuzungumza. Likakichukua This Bridge Called My Back na kukichapisha upya, likatoa pia Home Girls, mkusanyiko uliohaririwa na Smith. Jina hilo si pambo. Linatangaza kwamba wenye nyumba na wapishi ni watu wale wale.

Sasa turudi kwenye chumba cha Giovanni, kwa kuwa kilipata maisha ya pili. Mnamo 1973 duka la vitabu vya wapenzi wa jinsia moja lilifunguliwa Philadelphia na likapewa jina la riwaya ya Baldwin. Joseph Beam, kijana Mweusi wa mji huo, alifanya kazi humo. Alikuwa amezungukwa na rafu za vitabu ambavyo vingi viliwahusu wanaume Wazungu. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyochoka kuvisoma na kutojikuta. Mtu anaweza kusema kwamba duka lilimkaribisha: lilimpa kazi, lilimpa wasomaji, lilimpa jina la mwandishi Mweusi juu ya mlango. Lakini rafu hazikuwa zake. Jibu lake lilikuwa In the Life, mkusanyiko wa maandishi ya wanaume Weusi uliotoka mnamo 1986. Mle ndani Beam aliiweka tena hadithi ya Nugent ya Smoke, Lilies and Jade, iliyokuwa imetoka mwaka 1926 katika jarida la Fire!! ambalo Thurman alilihariri kwa toleo moja tu na ambalo nakala zake nyingi ziliungua motoni. Nugent alikuwa bado hai. Yule ambaye Thurman alimzamisha katika maji pamoja na kurasa zake alisubiri miaka 60 akapata rafu. Sijui mfano mwingine ulio bayana zaidi wa mhariri anayefanya kazi ya mwenyeji.

Beam alifariki kwa UKIMWI mnamo Desemba 1988 akiwa anakusanya kitabu cha pili. Kilichofuata kinajulikana lakini hakijahakikiwa. Mshairi Essex Hemphill alihamia Philadelphia, katika nyumba ya Dorothy Beam, mama wa marehemu, na hapo akaikamilisha kazi. Brother to Brother ilitoka mnamo 1991. Ukurasa wake wa jina unamtaja Hemphill kuwa mhariri, Joseph Beam kuwa mwenye wazo, na Dorothy Beam kuwa msimamizi wa mradi. Wahakiki wamezichambua tungo zilizomo. Ukurasa huo wameupita. Sisi tunauona kuwa ni sehemu ya matini. Katika In the Life mwana alikuwa ameandika kwa uchungu juu ya nyumbani kama mahali ambapo mwanamume kama yeye hawezi kurudi akiwa mzima. Hapa mama anafungua chumba, analisha mgeni, anasimamia karatasi. Hatuna haki ya kulifanya jambo hili kuwa muujiza wa upendo wa kimama, kwani mama wengi wa kizazi kile walifunga milango, wengine hata siku ya mazishi. Alichokifanya ni kazi, na kazi hiyo imeandikwa mahali pa kuandikiwa kazi. Hemphill naye alifariki mnamo 1995. Vitabu vyote viwili vilipotoweka madukani vilichapishwa upya, mnamo 2007 na 2008, na RedBone Press, shirika la mwanamke Mweusi.

Filamu ya Paris Is Burning ya Jennie Livingston (1990) ingestahili makala yake. Vijana Weusi na Walatino waliofukuzwa makwao huko New York walijipanga katika jumuiya walizoziita nyumba, kila nyumba na mama yake, nyingi kati yao zikiwa hazina jengo lolote. Msomaji wa Afrika Mashariki halazimiki kuelezwa kwamba nyumba inaweza kuwa watu kabla ya kuwa kuta. bell hooks aliishutumu filamu hiyo katika Black Looks (1992) kwa jinsi mtengenezaji Mzungu alivyojiondoa katika picha. Hesabu inaikazia shutuma hiyo: baada ya filamu kufanikiwa, washiriki 13 waligawana takriban dola 55,000.

Huku kwetu

Tumetahadhari tusije tukaihamisha hoja ya Harlem hadi Nairobi kwa nguvu. Wapo wanaotafuta asili ya Kiafrika ya jambo hili katika desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke, kama iweto ya Wakamba, ambayo lengo lake lilikuwa kuiendeleza nyumba isiyo na mrithi. Hoja hiyo tunaiona dhaifu. Ndoa ile ilihusu uzao na mali, na kuigeuza kuwa ushahidi wa mapenzi ni kuisomea isichokisema. Kwa Mombasa tuna kielelezo cha karibu zaidi. Gill Shepherd, katika utafiti uliochapishwa mnamo 1987, alieleza jinsi wanawake wenye nyumba na mali walivyoweza kuwategemeza wanawake wasio na kitu, mapenzi na riziki vikikaa chini ya paa moja. Walimlaumu waliosema kwamba ameyafanya mapenzi kuwa biashara. Lawama hiyo inaweza kutupwa kwetu pia. Jibu letu ni kwamba kuuliza nani analipa kodi si kukana kwamba watu wanapendana. Ni kuuliza watapendana wapi mwezi ukiisha.

Wainaina alitoa kumbukumbu zake, One Day I Will Write About This Place, mnamo 2011. Januari 2014 alichapisha andiko fupi aliloliita sura iliyopotea ya kitabu hicho, ambamo anamwambia mama yake kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Wasomaji walilipokea kama tangazo, na magazeti yakalijadili kama habari. Kifasihi, jambo la msingi ni mahali. Anamwambia akiwa kando ya kitanda cha hospitali, mwaka 2000, saa za mwisho za mama. Kisha anatueleza kwamba hakuwapo: alikuwa Afrika Kusini, na mama alikufa kabla hajafika. Chumba cha makaribisho kimejengwa na mwana peke yake, kwa maneno, baada ya mwenye chumba kuondoka. Tukikiweka kando ya chumba cha Dorothy Beam tunaona tofauti ambayo si ya Marekani na Afrika, bali ya mwaliko uliotolewa na ule uliokisiwa. Mama wa Wainaina hajibu kwa hotuba. Andiko lingeharibika kama angejibu. Mwandishi hakumpakia mama yake msamaha ambao hakupata nafasi ya kuutoa, na katika hilo alionyesha adabu ya hali ya juu.

Wainaina alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shirika la kutetea haki za watu hawa haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Kwa lugha ya makala haya, sheria imeruhusu kibao kutundikwa mlangoni huku ikiacha chumba cha kulala chini ya tishio.

Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki (2018), ilitayarishwa katikati ya hali hiyo, kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko. Jina lake la Kiswahili lina ukarimu na hila kwa pamoja, kama shoga: ndilo jina ambalo wapenzi hawa hulazimika kuitana mbele ya watu. Kena na Ziki wanakutana ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Wanalipamba, wanacheka, mvua inanyesha nje. Wengi wameisifu taswira hiyo kwa uzuri wake, na ni nzuri kweli. Lakini gari lile halina mwenyewe wala kufuli, halilipiwi kodi na halilindwi na mtu. Ndiyo maana mama wa kibanda cha chakula, mwenye ulimi mrefu, anaweza kulifikia usiku na kuwaita wanaume wa mtaa. Filamu yenyewe ilipigwa marufuku Aprili 2018. Septemba mahakama iliisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itimize masharti ya kushindania tuzo nje ya nchi. Kumbi za Nairobi zilijaa, na watu walipanga foleni kununua tiketi. Siku saba zilipokwisha, marufuku ilirudi.